Niliwatumia ndugu zangu muvi iliyoniliza, sasa hatuongei

Shangazi, habari yako. Kwetu Maragoli ningekuita senje na ndivyo nakuonanga moyoni, juu nimesoma majibu yako miaka mingi na sijawahi kuandika.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeolewa, naishi Nakuru pande za Section 58 na nafanya kazi kwa kemisti hapa tao. Shida yangu ni muvi, na najua mtu akisikia hivyo atasema huyu hana shida, lakini hii kitu imenikaa kwa roho sasa ni miezi miwili na imefika mahali mama yetu ameanza kuuliza kwani kuna nini.

Tuko wanne. Kaka yetu mkubwa yuko Nairobi, dada anayemfuata yuko Kisumu, mimi hapa Nakuru, halafu kitinda mimba ako nyumbani na mama karibu na Mbale. Baba alishatuacha. Mwaka jana mwezi wa nne mama alisema anataka kuona mahali watoto wake wanaishi kabla magoti yakatae kabisa, akaanza Kisumu kwa dada, akakaa siku tatu, halafu akaja kwangu. Alikuja na kuku wawili, mrenda imefungwa kwa gazeti, unga ya wimbi na ndizi za kutosha jirani wote. Sasa hiyo wiki kazini tulikuwa tunahesabu stoki. Nilikuwa natoka saa kumi na mbili asubuhi narudi saa mbili usiku, mama ameshinda na msichana wa kazi na TV. Nilikuwa nimemwahidi Jumamosi nitampeleka ziwani aone flamingo, alikuwa hata ametoa ile nguo yake ya kanisa akaitundika kwa mlango usiku, halafu asubuhi bosi akapiga simu nikaenda kazi. Jumapili nilikuwa nimechoka nikalala. Jumatatu tukamsindikiza steji akaenda kwa kaka, huko akakaa siku mbili, wifi yangu akasema kuna wageni wake wanakuja, basi wakampandisha gari akarudi nyumbani. Alipofika alipiga simu akasema nimefika salama, asanteni, mumenitunza sana. Hivyo tu. Na hakuna mtu alifikiria tena.

Sasa kuna rafiki yangu tulisoma naye chuo, yeye anapendanga hizi muvi za polepole, za watu kukaa na kuongea, alinipea kwa fulashi akasema angalia hii ukiwa peke yako. Inaitwa Tokyo Story, ni ya Japani, ya zamani, haina rangi. Bwanangu alikuwa amelala. Shangazi, hiyo muvi ni mama yangu. Ni mzee na mke wake wanatoka kwao mbali wanaenda kuona watoto wao Tokyo, na watoto si wabaya, wako bize tu, mmoja ni daktari, mwingine ako na saluni, wanawapitisha wazazi huku na huku kama mzigo mpaka wanachanga pesa wanawapeleka hoteli fulani ya baharini ndio wawaondokee kidogo. Kuna mahali yule bibi ametoka nje na mjukuu wake mdogo, wako juu kwenye nyasi, anamuuliza ukikuwa mkubwa utakuwa nani, utakuwa daktari kama baba yako, na wakati huo mimi nitakuwa wapi? Mtoto anang'oa nyasi tu hata hamsikii. Nilisimamisha laptopu nikaenda kukaa jikoni. Niliona ile nguo imetundikwa kwa mlango.

Nilimaliza saa saba usiku na hapo hapo nikaandika kwa grupu yetu ya familia: kila mmoja wetu aangalie hii muvi mpaka mwisho halafu ajiulize tulimfanyia mama nini. Nikaweka na muvi yenyewe.

Dada aliweka kidole gumba. Siku ya pili akasema amejaribu dakika ishirini na hakuna kitu inatendeka, ni wazee wanafunga mizigo. Kaka alinyamaza siku tatu halafu akatuma voisi ndefu, akasema yeye ndiye analipa SHA ya mama, ile bima ya afya, yeye ndiye aliweka mabati mapya, yeye ndiye alilipa karo yangu mwaka wa pili na wa tatu, sasa mimi namtumia muvi ya Wajapani nimfundishe kupenda mama yake. Wifi akatoka kwa grupu. Tangu hapo kaka hajachukua simu yangu.

Na hata hapa kwa nyumba niko peke yangu na hizi muvi. Bwanangu ni mtu mzuri sana, alikaa na mimi dakika kumi akasema hii haiendi mahali, akalala kwa kiti. Nimejaribu kumweleza venye nilisikia nikashindwa, maneno yanatoka kama hotuba.

Shangazi, nilikosea kuwatumia? Niangalie tu peke yangu ninyamaze? Na kama uko na zingine kama hiyo, niambie, juu tangu siku hiyo sitaki tena zile za kupigana.

Ni mimi, wa Section 58.

*

Mwanangu, salamu nyingi kutoka Kisumu, na hiyo ya senje nimeipokea kwa mikono miwili.

Barua yako niliisoma Jumatano na sikukujibu hapo hapo, nilitafuta hiyo muvi nikaiangalia tena yote, dakika 136, juu kulikuwa na kitu kwa barua yako hakikuwa kinanikalia sawa. Na nilikiona. Wewe umekumbuka nusu. Umekumbuka vizuri sana watoto walivyofanya, yule wa saluni anayelalamika hata juu ya keki bwanake alinunulia wazee ati ni za bei, na daktari anayeahirisha kuwatembeza Jumapili. Lakini hukuniandikia hata neno moja juu ya Noriko akiongea na Kyoko pale mwisho.

Wacha nikukumbushe, na wasomaji wengine wapate kujua. Noriko ni mkaza mwana, bwanake alikufa vitani, na ndiye peke yake anaomba ruhusa kazini awatembeze wazee Tokyo, mtu ambaye hata si damu yao. Mama anarudi nyumbani, anaugua, anakufa. Watoto wanakuja, wanazika, na yule wa saluni kabla hata chakula cha matanga kushuka tumboni ameshaanza kuuliza nguo za marehemu, anataka kimono fulani. Wanapanda treni wanaenda. Kyoko, yule msichana wa mwisho aliyebaki nyumbani, mwalimu, anakasirika venye wewe ulikasirika. Anasema hawa ni watu gani. Na Noriko, yule mzuri, yule ambaye angekuwa na haki ya kuwasema, anawatetea. Anamwambia watoto wakikua wanakuwa na maisha yao, hawakukusudia ubaya, hata mimi nitakuwa hivyo labda. Halafu akiwa na baba mkwe, mzee anamsifu, na yeye anakataa sifa, anasema mimi si mzuri hivyo unanifikiria, kuna siku zinapita hata sijamkumbuka mwanao. Na analia.

Na yule wa saluni pia, kumbuka alilia. Wakati wanaambiwa mama hatafika asubuhi, yeye ndiye alivunjika pale pale mbele ya kila mtu. Ni mtu mmoja, machozi yale ni ya kweli na ile kimono pia ni ya kweli.

Yasujirō Ozu alitoa hiyo muvi 1953, yeye mwenyewe hakuoa, aliishi na mama yake mpaka mama akafa, na kamera yake aliiweka chini karibu na mkeka kama mtu ameketi pale sebuleni pamoja nao. Ukikaa chini hivyo huwezi kumwangalia mtu kwa dharau. Hiyo ndiyo nguvu ya hiyo muvi kwangu. Hakuna mtu amefungwa kamba pale, hata mmoja. Sasa wewe umechukua muvi ambayo imekataa kuhukumu mtu ukaituma na hukumu juu yake, saa saba usiku, mbele ya wifi.

Kwa hivyo unauliza kama ulikosea. Kutuma muvi hukukosea. Yale maneno ndiyo yalikosea. Yasome ukiwa wewe ndiye kaka yako, mtu amerudi nyumbani na foleni ya Nairobi, anafungua simu anakuta dada yake mdogo, yule alimlipia karo, anamwambia ajiulize alimfanyia mama nini. Kwani angejibu aje? Alihesabu. SHA, mabati, karo. Mtu akishtakiwa analeta risiti, ndivyo tulivyo sote. Na ukitaka kujua kitu kinaniuma, ni kwamba kaka yako kwa hiyo muvi angejipata kabisa, juu hao watoto pia walitoa pesa, walichanga wakawapeleka Atami, na pesa ilikuwa ya kweli na nia haikuwa mbaya, ni vile tu usiku hoteli ilijaa kelele za vijana wazee hawakulala, na asubuhi yule mama alijaribu kusimama pale ukutani mwa bahari kizunguzungu kikamshika. Kaka yako angeona hiyo peke yake, bila mtu kumsukuma, angesikia kitu. Sasa hataiangalia. Hiyo imeshapotea kwa sasa na usijaribu kuirudisha.

Mimi ningekuwa wewe hiyo usiku, na sisemi ningefanya, nasema leo nikiwa nimelala na kuamka, ningeandika hivi: nimeangalia muvi nikakumbuka Jumamosi ile mama alitundika nguo ya kanisa kwa mlango na mimi nikaenda kazi, nimelia sana. Basi. Hapo hakuna mtu anaambiwa ajiulize. Dada yako angekuuliza nguo gani? Na ungemwambia, na yeye angekuambia ya kwake ya zile siku tatu za Kisumu, juu niamini, na yeye ako nayo.

Nikuambie mahali nilijifunza hii. Baba yangu aliendesha baiskeli ya abiria Busia, zile za boda za mwanzo kabisa, Black Mamba na kiti cha sponji nyuma, kuvusha watu na mizigo mpakani. Nikiwa mtu mzima niliona Bicycle Thieves, ya Vittorio De Sica, Italia, 1948, nikawa kama kichaa, nikasema lazima baba aione. Nikamkalisha nikamwambia baba hii ni moja ya muvi kubwa duniani, huyo mwigizaji hakuwa hata mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, huyo mtoto walimpata tu mtaani, nikaongea nikaongea. Alitoka kwenda kuangalia ng'ombe. Akakaa na ng'ombe mpaka ikaisha.

Mwaka uliofuata sikusema kitu. Habari za usiku ziliisha, nikaiweka, akauliza ni nini, nikamwambia ni mtu aliibiwa baiskeli. Akavuta kiti.

Kuna mahali mapema sana kwa hiyo muvi, Antonio amepata kazi ya kubandika mabango lakini baiskeli yake iko rehani, bila baiskeli hakuna kazi. Mke wake haongei mengi, anatoa mashuka kitandani, wanaenda kuyaweka rehani wakomboe baiskeli. Halafu kamera inamfuata yule karani akibeba ule mzigo wao, anapanda nao juu kwa rafu, anapanda, anapanda, na unaona ukuta mzima mpaka kwa dari umejaa mashuka ya watu wengine. Hakuna mtu anasema kitu. Baba aliuliza, zote hizo ni za watu? Nikamwambia eeh. Akasema, basi walikuwa wengi.

Sasa mwisho, na naomba radhi kama hujaiona lakini ni ya 1948, Antonio amezunguka Roma Jumapili nzima na kijana wake mdogo Bruno, mwizi wamemwona na hawawezi kuthibitisha, na anaona baiskeli imesimamishwa peke yake kwa ukuta. Anamwambia mtoto aende. Anaichukua. Anashikwa, anapigwa makofi na mtoto akiona. Wanamwachilia juu ya huruma ya mwenye baiskeli, wanatembea kwa ule umati, baba analia na mtoto anamshika mkono. Hiyo ndiyo mwisho. Baba yangu alinyamaza sana. Nilijikaza nisimwangalie usoni, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Halafu akasema, bila kugeuka, kwamba ile mwaka yake iliibwa sokoni, kabla hajapata ingine, kuna siku alisimama karibu na baiskeli ya mtu kwa muda mrefu sana. Hakuichukua. Lakini alisimama.

Nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini na sijawahi kusikia hiyo stori. Na sijui kama ningeisikia kama ningeendelea kumweleza juu ya De Sica.

Kwa hivyo kaka yako mpigie. Asipochukua, mpigie tena kesho yake, na kama bado, panda gari uende Nairobi Jumapili, ni masaa mawili matatu tu. Usitaje muvi kwanza. Mshukuru kwa mabati, na umshukuru kabisa, usiseme asante halafu uweke lakini. Mwambie ule ujumbe ulikuwa unajiandikia wewe mwenyewe na ukautumia watu wengine. Mweleze Jumamosi. Wifi naye umtafute peke yake, umwombe msamaha peke yake, juu yeye alishtakiwa mbele ya mashemeji na hiyo inauma kushinda ya kaka.

Nikuje kwa bwanako. Mwanangu, sisi tumelelewa kwa vidio. Shilingi kadhaa mlangoni, benchi, na mtu kama DJ Afro anakueleza huyu ni jamaa, huyu ni adui, sasa anaenda kulipiza kisasi. Tulipenda, na mimi bado napenda, na si ushamba. Lakini inafanya sikio lizoee kwamba kimya ni kitu kimeharibika. Hizi muvi zako kimya kimeachwa makusudi, ni nafasi ya wewe kuingiza nguo ya mama yako, na mtu kama hajui hiyo nafasi ni yake ataona tu kamera imesimama. Bwanako hakukosea. Alikuwa amechoka na ulimwanzia mlima.

Mwanzie Supa Modo, ya Likarion Wainaina, ya 2018, ni yetu, wanaongea venye tunaongea na ni dakika 74. Ni msichana mdogo anaitwa Jo, ni mgonjwa wa kutopona, wamemtoa hospitali akae nyumbani siku zilizobaki na yeye anapenda mashujaa wa muvi, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea muvi yake awe shujaa. Inachekesha sana, na hapo ndipo inakushika. Mimi nililia pale watu wazima wanacheza mchezo wa mtoto na nyuso zimekaza kabisa kama ni kazi ya serikali. Asipolia, muulize tu ni mahali gani alipenda. Usimuulize ameelewa nini, tafadhali, hiyo ni swali la mwalimu.

Halafu kuna Kati Kati ya Mbithi Masya, ilipata tuzo ya wakosoaji kule Toronto 2016, msichana anaamka kwa mbuga hajui amefikaje na anakuta watu kwa loji, na polepole anajua ni wafu wote, kila mtu amekwama pale na kitu chake. Hiyo muangalie wote wawili, ni fupi pia, na mtaongea mpaka usiku. Bwanangu na mimi tulifika mahali tunaulizana sisi tungekwama na nini, na alisema kitu sikutarajia, sitakiandika hapa.

Wewe binafsi tafuta La Noire de… ya Ousmane Sembène wa Senegali, 1966, ni kama saa moja tu. Diouana anachukuliwa Dakar kuangalia watoto wa Wafaransa, anafika Antibes kule Ufaransa na watoto hawako, ni kupika na kufagia na kufungiwa kwa nyumba, bahari anaiona dirishani. Ukiwa na jirani au binamu aliyeenda kazi Saudia utaijua kabla ya dakika kumi. Kuna kinyago alimpea yule mama kama zawadi wakati alikuwa na furaha ya kupata kazi, kifuate hicho kinyago kila kinapotokea, mpaka mwisho kabisa kwa uso wa yule kijana. Lakini usiitume kwa mtu ambaye ana mtoto huko sasa hivi, inaisha vibaya sana.

Dada yako wa Kisumu, kama ni mtu wa kupenda mabishano, na watu wa Kisumu najua, mpatie A Separation ya Asghar Farhadi wa Irani, ya 2011. Mke anataka wahame nchi, mume hawezi kumwacha baba yake mgonjwa wa kusahau, wanafika kortini, halafu mambo yanaharibika na msaidizi wa nyumba waliyemwajiri aangalie mzee. Kila mtu ana haki. Nilibadilisha upande mara nne. Mwisho mtoto wao anaulizwa na hakimu anachagua nani, wazazi wanatolewa nje wakae kwa koridor wangoje, na tunangoja nao. Mwandikie dada hivi tu: niangalie hii uniambie nani alikosea, mimi nimeshindwa. Ataimaliza usiku huo huo.

Na kuna moja nakuwekea kando, siku ukiwa peke yako na watoto wameenda kwa nyanya. Jeanne Dielman, ya Chantal Akerman, ya 1975, masaa matatu na zaidi, siku tatu za mama mmoja Ubelgiji kwa nyumba yake. Anamenya viazi. Unamwona akimenya viazi mpaka mwisho. Ukiwa mtu umeshakata sukuma kila jioni miaka kumi na mbili, hutaona ni polepole, utaona mkono wake siku ya pili umeanza kukosea na utaogopa. Akerman alikuwa na miaka kama 25 tu, sijui alijuaje. Usimtumie mtu yeyote.

Sasa mama yako. Kwa barua yote umeniambia juu ya ndugu zako, na yule muvi ilimhusu ako nyumbani Mbale anauliza kwani kuna nini. Yeye yuko hai, mwanangu. Omba siku mbili kazini, mapema, si wiki ya stoki. Chaji laptopu kabisa hapa Nakuru juu stima ya huko unaijua, na uende nayo. Najua unafikiria hajui Kijapani na hayo maandishi ya chini ni Kiingereza na madogo, lakini wewe si uko na mdomo? Mkalie karibu, umtafsirie kwa Kilogooli, ufanye ile kazi ya DJ Afro lakini kwa sauti ya chini. Huyu ni mama, huyu ni mwanawe daktari, sasa anasema hana nafasi. Na usimfiche yale mabaya, asikie yote. Mkichoka mpumzike, mwendelee kesho asubuhi na chai.

Mwanzo kabisa wazee wanafunga mizigo, ile dada yako alisema hakuna kitu inatendeka. Bibi anauliza mto wa hewa, mzee anasema ni mke wake alipewa auweke, mke anasema hana, wanabishana hivyo polepole, halafu mzee anaukuta kwa mzigo wake mwenyewe. Anasema tu umeonekana. Ukifika hapo nyamaza, usitafsiri, umwache mama yako aangalie peke yake, juu ameishi na baba yako miaka yote hiyo na anajua huyo mzee ni nani.

Halafu uniandikie uniambie alisema nini.